Nani Ameonja Kwanza

Shively, Louisville
16 Februari 2025

Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Usishtuke kuona barua. Hakuna mwenye amekufa. Nakuandikia kwa mkono juu simu ya familia iko na masikio mengi. Nikikutumia sauti, utamsikilizisha Mama Gentille wa duka la Grant Street, yeye atatumia dada yake, na mbele ya chakula ya jioni Bukavu yote itajua. Hii habari haipashwe kutoka. Soma, kisha uchome.

Bon, iko hivi. Jumamosi tulikuwa Columbus kwa Tarcisius, kwa mazoezi. Si unamjua kwa jina, ule Mtanzania wa Bukoba mwenye anatupigiaka besi kubwa ya kusimama. Mama-mkwe wake anatengenezaka kasiksi, pombe ya ndizi, tamu kabisa kama ya kwetu. Tarcisius akanimiminia glasi, ikajaa. Yake akaishika tu mkononi. Yaya, hakuonja! Mwenye nyumba anakupa pombe na haonji kwanza, umeona wapi? Nikasema labda amesahau, nikakunywa kwa heshima. Kisha naingia jikoni kuosha mikono, namkuta anamwaga glasi yake kwa lavabo ya kuoshea vyombo, polepole, anaangalia nyuma.

Tukaanza ile wimbo ya kupiga kule Buffalo, yenye inaanzaka na ngoma peke yake. Nilikuwa katikati. Moyo ikaanza kukimbia bila mimi. Mi niko na tempo yangu, yeye iko na yake. Macho ikaingia giza. Naamka niko chini, matoazi juu ya mguu, na Tarcisius ndiye mwenye ananishika kichwa, machozi karibu inatoka. Utauliza, mtu anakupa sumu na analia? Ndiyo, yaya. Kwetu huyo ndiye analiaka wa kwanza.

Sasa fikiri. Watu wa jazz wa Buffalo wametuita tupige tarehe 31 mwezi wa tano, kwa ukumbi mkubwa, kwenu kabisa. Barua zao zinaendaka kwa Tarcisius, juu Kiingereza yake ni ya shule. Na kwa afishi ya kwanza yenye walituma, jina ya kiongozi wa bendi ilikuwa yake. Akasema ni makosa yao, akacheka. Mi pia nilicheka. Sasa sicheki.

Hii bendi unajua nimeitoa wapi. Nilianza na bidoni za maji kule kambi ya Nakivale, kwaya inaimba, mi napiga plastiki. Nikafika hapa, mchana napanga makatoni, jioni naenda kwa Mista Leroy, ule mzee wa Louisville, Mungu amlaze, ananifundisha kupiga ngoma na brashi ndani ya chumba ya chini ya kanisa. Alinigongaka vidole, anasema mikono yangu inasema sana na haisikilize. Miaka yote ile, yaya. Ukinitolea ngoma, nini inabaki? Mpanga makatoni.

Papa alianguka vile vile, juu ya ngoma. Niambie ukweli. Ni ile kitu? Naogopa. Hata maji ya robinet ya jikoni naangalia mara mbili.

Mdogo wako,
Bagula


Riverside, Buffalo
24 Februari 2025

Mdogo wangu Bagula,

Sikuichoma. Nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ya tisini na moja, ilale na maneno yenye nguvu.

Nilisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Ni karuho. Usinibishie. Unaijua: haiui leo, inakula mtu polepole huku aliyekupa anakuja kukupa pole. Wewe ulikuwa bado na kaptula ya shule, hukumbuki vizuri, lakini mimi niliona. Papa alikunywa kwa Ezéchias fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja. Akatoka pale, akaenda kupiga ngoma kwenye harusi. Wimbo wa pili tu, akainamia ngoma kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, na hakuinuka. Avenue nzima ilijua. Ezéchias alifukuzwa, mabati ya nyumba yake yaling'olewa mchana watu wakiangalia. Tangu siku ile mimi nikisikia ngoma naondoka mahali hapo. Ndiyo maana sijawahi kuja kukuona ukipiga. Wewe umenilaumu kila mwaka na mimi nimenyamaza kila mwaka.

Sasa nisikilize, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Usile kwa mtu. Usinywe kwa mtu asiyeonja. Na hospitali usiende! Mwenye karuho akichomwa sindano, sumu inapanda moyoni na mambo yamekwisha. Huko hawaijui. Watakuchoma kwa nia njema na tutakuzika kwa nia njema.

Mama Gentille ana unga wa mizizi uliotoka kwetu Walungu. Sikumwambia ni wa nani, nilisema ni wa minyoo. Nimeufunga pamoja na barua hii. Kijiko katika maji ya moto asubuhi, utatapika. Utapike tu, usiogope. Ndiyo inatoka.

Gaël anakusalimu. Mwanangu amekuwa mrefu kunishinda, na shule imemchagua kwenye timu ya mpira. Juzi alirudi akisema anasikia kizunguzungu. Nikamwambia ni kwa sababu anakimbia bila kunywa chai.

Dada yako,
Nabintu


Shively
10 Machi 2025

Kwa Tarcisius,

Kuanzia sasa mazoezi ni Louisville. Kwako hatuji tena. Kila mtu anakuja na chupa yake ya maji, imefungwa, na chakula yake. Hakuna kugawana.

Barua za Buffalo uzitume zote kwangu. Nitatafuta mtu wa kunisomea.

Bagula
Kiongozi wa bendi


Columbus
17 Machi 2025

Chef Bagula, kiongozi wetu,

Barua ya posta! Nilidhani ni jirani ananishtaki kwa kelele za besi. Tangu lini tunaandikiana kama wakwe?

Amri nimeipokea. Nitakuja Louisville na chupa yangu na kiporo changu. Lakini hebu niambie, nimekukosea wapi? Kama ni lile bango, naapa kwa marehemu bibi yangu, wale watu waliandika jina la kwanza waliloliona. Niliwapigia siku ileile warekebishe. Mimi kiongozi wa nini? Wimbo ukianza nakutazama wewe begani ili nijue nianze wapi, na hilo unalijua.

Kama ni rubisi ya mama mkwe, ile mnayoiita kasiksi, samahani sikukaa nawe kunywa. Siku hizi tumbo halinitaki. Tutaongea.

Winifrida anauliza kama ulikwenda kwa daktari baada ya kuanguka. Usiposema ndiyo atakuja mwenyewe, na unamfahamu mke wangu.

Ndugu yako,
Tarcisius


Shively
6 Aprili 2025

Yaya,

Unga nakunywa. Natapika mpaka naona kijani. Suruali inanianguka, nimetoboa mkanda. Unasema sumu inatoka, mi naona ni mimi mwenye niko natoka.

Wiki iliyopita imenikamata tena. Tulikuwa tunapiga kwa baa moja ya hapa Louisville, watu wamejaa. Nilikuwa nakula vizuri, chakula yangu mwenyewe, maji yangu mwenyewe. Wimbo ya tatu, moyo ikatoka mbio, nikamwona papa. Yaya, nilimwona, ameinamia ngoma yake, hanitazami. Nikaanguka na kiti.

Tarcisius alitupa besi chini ili anishike. Ile besi anaipendaka kuliko macho yake. Nikamkamata koti, nikamwuliza mbele ya watu wote, uliniwekea nini? Akanyamaza. Mtu mwenye hana kosa si angesema? Watu wakataka kuita ambulance. Nikapiga kelele hapana, hakuna sindano, nikatoka na miguu yangu, naguza ukuta.

Kazi nimeomba ruhusa. Simu nimeizima, naiweka chini ya godoro, juu kila mtu anapiga kuniuliza nimekula nini, na mi najiuliza kwa nini anataka kujua. Nimeanza kupika mwenyewe. Aline aliniletea supu ya bouillon jana, nikamwambia onja. Mke wangu, yaya. Akaonja, machozi inaangukia ndani ya sahani, na hata hivyo sikukunywa.

Lakini Buffalo nitapiga. Nimetafuta mtu wa besi mwingine. Nikifa kwa ukumbi ya Buffalo, angalau utakuja kuniona.

Bagula


Columbus
12 Aprili 2025

Dada Nabintu, Mama Gaël,

Shikamoo. Hunifahamu kwa sura. Mimi ni Tarcisius, mpiga besi wa ndugu yako. Anwani yako niliipata kwenye karatasi za Buffalo, kwani ulikuwa umekubali kutulaza kwako. Nisamehe kukuandikia bila kujulishwa. Simu yake haipatikani, na Aline anasema barua anazofungua ni zako tu.

Bagula anaumwa sana, na anaamini nimemwekea sumu. Alinishika koti mbele ya watu akaniuliza. Nilikosa la kusema, dada. Ningesema nini? Mtu akikuuliza kama wewe ni mchawi, ukikataa upesi wanasema umejiandaa.

Kosa langu naliungama. Hata sisi Wahaya, mwenye nyumba huonja kwanza. Nililelewa hivyo, najua. Siku ile sikuonja kwa sababu nimeacha pombe. Daktari aliniambia ini langu limechoka, nikiendelea nitawaacha watoto. Niliona haya kuwaambia wenzangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wanaokunywa soda. Nikashika glasi ili nionekane, kisha nikaimwaga jikoni. Basi. Rubisi ileile watu wote walikunywa na wakalala vizuri.

Mke wangu Winifrida anafanya kazi hospitali ya hapa, anapiga picha za moyo. Bagula alipoanguka kwetu, alimshika mkono kwenye mshipa, akangoja wageni waondoke. Kisha akaniambia, "Hiyo si pombe, na si njaa. Muulize baba yake alikufaje. Muulize kama kuna mtu mwingine kwao aliyeanguka ghafla akiwa na nguvu zake." Tumemuuliza, akatufukuza. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Aline anasema pia kuna unga anaotapikia kila asubuhi. Winifrida aliposikia alishika kichwa. Anasema kutapika hivyo kunamaliza maji na chumvi mwilini, na moyo ulio mgonjwa ukikosa hivyo unaweza kusimama. Sijui nani anamtumia. Kama unamjua, mwambie aache, kwa jina la Mungu.

Wako kwa heshima,
Tarcisius


Riverside
20 Aprili 2025

Bwana Tarcisius,

Marahaba. Pasaka njema.

Baba yetu alikufa kwa mkono wa mtu, na mtu huyo alijulikana. Ukoo wetu hauna ugonjwa. Shangazi yetu mmoja alianguka kisimani akiwa msichana, na mtoto mdogo wa kaka yake mwingine alianguka akicheza, lakini hao pia walionewa wivu. Mambo ya kwetu huwezi kuyaelewa. Hata mkeo na mashine zake hatayaelewa.

Kuhusu kulala kwangu, nyumba ni ndogo. Tafuteni hoteli. Na tafadhali usimpelekee ndugu yangu chakula.

Nina swali moja la mkeo. Kuna mama hapa kanisani, mtoto wake ni kijana mwenye afya, anacheza mpira. Akikimbia sana anasema moyo unamgonga mpaka kooni na macho yanafifia, akikaa inapita. Hakuna aliyempa kitu. Anakula kwa mama yake tu. Mama huyo anataka kujua kama ni jambo la kuhofia.

Nabintu


Columbus
25 Aprili 2025

Dada Nabintu,

Winifrida amesoma barua yako akiwa amevaa viatu tayari kwenda kazini, akakaa tena. Anasema hivi, na nayaandika kama anavyoyatamka: "Mwambie huyo mama amzuie mtoto asikimbie hata kumfukuza kuku, mpaka apigwe picha ya moyo. Asingoje. Shangazi, mtoto wa kaka, baba, na sasa Bagula. Moyo wa namna hiyo unarithiwa."

Dada, sitauliza huyo mama ni nani. Nakuomba tu umwambie leo.

Tarcisius


Riverside, Buffalo
9 Mei 2025

Bagula, mdogo wangu,

Nimekupigia hushiki. Nimempigia Aline, amelia nami, anasema umefunga mlango wa chumba. Kwa hiyo barua hii anakuletea Tarcisius kwa mkono wake. Ndiyo, yeye. Nimemtumia kwa posta ya haraka nikamwomba aendeshe mpaka Shively. Usimfukuze kabla hujasoma, na mwandiko huu unaujua ni wangu.

Gaël alianguka. Barua ya Tarcisius yenye maneno ya mkewe ilifika ikiniambia nimzuie asikimbie, nikasema Jumatatu nitakwenda shuleni, Jumatatu nitakwenda. Akaanguka mazoezini kabla ya Jumatatu. Mwalimu wake alimbonyeza kifua mpaka gari likafika. Mimi niliitwa kutoka kwa mzee ninayemhudumia, nikafika hospitali na aproni yangu.

Nilipiga kelele wasimchome sindano. Wakaleta mkalimani kwenye simu, akaniuliza mara ya pili kama amesikia vizuri. Walikuwa wamekwisha kumchoma, Bagula. Mikono yote miwili. Nikapiga magoti pale sakafuni nikingoja mwanangu afe, watu wananiruka kwa miguu. Hakufa. Alifungua macho akaomba maji.

Wamenionyesha moyo wake kwenye kioo. Ukuta mmoja umenenepa, damu inapita kwa shida, na akikimbia unapoteza mwendo. Daktari akauliza nani mwingine. Nikasema baba yangu, juu ya ngoma. Nikasema shangazi, kisimani. Nikasema ndugu yangu yuko Louisville, mpiga ngoma, anaanguka. Kalamu yake ilisimama. Akasema, apelekwe leo.

Sasa fikiri pamoja nami. Gaël hakunywa kwa Tarcisius. Hajawahi kufika Columbus. Mtoto huyu anakula ugali ninaousonga mimi, na mimi peke yangu. Kama ni sumu, basi aliyempa ni mimi.

Na unga. Nimewaonyesha uliobaki. Kila asubuhi uliyotapika, moyo wako ulikuwa unasogea ukingoni, na mimi huku nikimshukuru Mungu kwamba inatoka. Sumu pekee uliyokunywa mwaka huu niliituma mimi, na stempu nikabandika. Itupe. Itupe chooni kabla hujamaliza kusoma.

Ezéchias alikuwa na watoto, unakumbuka? Waliondoka wamebeba kichwa cha cherehani bila meza yake.

Nenda na Tarcisius. Sindano haiui. Nimeona kwa macho yangu. Naogopa mpaka sasa, lakini nimeona.

Dada yako aliyekubeba,
Nabintu


Louisville, hospitalini
18 Mei 2025

Yaya,

Niko hai. Andika ile kwanza.

Tarcisius alifika na barua yako, akagonga, nikakataa. Aline akamfungulia. Akaipitisha chini ya mlango wa chumba, akakaa chini upande wa pili, naona kivuli ya viatu yake. Nikasoma. Pale penye unasema kama ni sumu ni wewe, nikaisoma na sauti. Yeye upande wa pili akasema, "Twende, Chef." Nikafungua.

Lakini yaya, woga haisikilizake barua. Tulifika kwa urgence ya hospitali, wakanilaza, wakaniwekea nyaya kifuani, mashine ikaanza kulia ovyo ovyo. Mi mpiga ngoma, nilisikia mwenyewe kama ile tempo imeharibika. Kisha infirmière, nesi wa pale, akaja na sindano. Mwili yangu ikakataa. Nikakumbuka maneno yote ya kwetu, tangu mtoto. Nikatelemka kitanda, nyaya zinanifuata, nikasema mi naenda nyumbani nife vizuri. Wakanishika, nikawasukuma. Yule dokta akasema kama mtu hataki hatuwezi kumlazimisha, lakini hatafika parking.

Tarcisius alitoka. Nikasema basi, amechoka nami, iko na haki. Kumbe amekwenda kwa dirisha ya mapokezi, amejiandikisha yeye mgonjwa! Amewaambia ini inamuuma, na hakuongopa, juu kweli ini yake imeharibika. Aliomba alazwe kitanda ya karibu yangu na pazia ibaki wazi. Infirmière hakuelewa kitu, akafikiri ni mapacha au ni wazimu. Tarcisius akanyoosha mkono, akaniangalia macho kwa macho, wakamchoma. Maji ikaanza kuingia ndani ya mshipa yake, tone kwa tone. Tulikaa hivyo tunaitazama. Na mkono ingine alikuwa amekamata chuma ya kitanda. Yule mwanaume mkubwa anaogopaka sindano kuliko mimi!

Kisha akasema, "Chef, mwenye nyumba ameonja. Kunywa."

Nililia, yaya. Nikatoa mkono.

Wameniwekea mashine ndogo chini ya ngozi ya kifua. Moyo ikipoteza tempo, itaipiga moja, itairudisha. Ni kama Mista Leroy na vidole vyangu. Sasa dokta anasema fimbo za ngoma hapana, pengine haitarudi tena. Brashi labda, mbele ya Krismasi, na polepole. Nilimwuliza mara nyingi, jibu ni ile ile. Sijui nitaishi namna gani na hii, sitakuongopea. Asubuhi naamka mikono inapiga godoro yenyewe.

Buffalo tutakuja, na besi ni ya Tarcisius. Ngoma atapiga Mizero, ule mwanamke wa Columbus, anapiga vizuri kunishinda kwa mkono wa kushoto, mwambie nilisema. Mi nitakaa kwa kiti pembeni, nitahesabu moja, mbili, waanze. Kiongozi ni kiongozi.

Aline aliniletea bouillon leo. Sikumwambia aonje.

Aline aliniambia Gaël pia wanataka kumwekea mashine. Amekubali? Na wewe, yaya? Dokta wa hapa anasema dada pia apimwe, lazima.

Mdogo wako,
Bagula


Riverside, Buffalo
25 Mei 2025

Tarcisius, ndugu yangu,

Safari hii mimi ndiye ninayeanza kusalimu. Shikamoo. Najua wewe ni mdogo wangu kwa miaka. Ipokee hivyo hivyo, usinibishie.

Ile barua ya hoteli irarue. Nyumba haikuwa ndogo, moyo ndio ulikuwa mdogo. Mtalala hapa, wewe na Bagula na Mizero, hata kama Gaël atalala kwenye kochi. Godoro nimekwisha kuazima kwa Mama Gentille. Naye unga ule ameutoa kwenye rafu, nilimsimamia mpaka akautupa.

Nitawatengenezea maji ya ndizi, yasiyochachuka, kwa ajili ya ini lako. Nitakumiminia mbele ya watu wote, na kikombe cha kwanza nitakunywa mimi, nusu nzima, uone koo langu likimeza. Ndipo nitakupa wewe.

Kuna jambo lingine, na hili nakuandikia wewe kwa sababu Bagula ana lake la kubeba. Gaël hataki mashine. Amegeukia ukuta. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, maneno mawili, matatu, anafunga macho. Jana nilimsihi mpaka sauti ikaisha. Akageuka, na safari hii alisema Kiswahili, kile cha utotoni. "Na wewe, mama, wamekupima?"

Hawajanipima. Wameniita hospitali na nimekataa, wameniita tena na nimesema nina kazi. Kumwona mwanangu akichomwa na kuishi hakukunitoa woga, ndugu yangu. Niko mzee mno kwa woga huu, lakini upo, umekaa hapa kifuani, na sasa kila kifua kinapogonga najiuliza kama ni woga au ndio ule ugonjwa.

Kwa hiyo nimekubali kupimwa. Ni Ijumaa, siku moja kabla ya ngoma zenu. Njooni mapema. Nimemwambia Gaël avae viatu, tunakwenda pamoja. Wewe usijiandikishe mahali popote, ini lako limekwisha kufanya kazi yake. Simama tu mlangoni umshike bega asiondoke, nataka aangalie. Nitakaa kwenye kiti, nitakunja mkono wa nguo, nitawapa mkono wa kushoto. Naogopa.

Lakini mwenye nyumba ni mimi. Nitaonja kwanza.

Nabintu, Mama Gaël